Kibali cha nchi jirani kinatuharibia mto: shirika letu linaweza kuishtaki serikali ile?

MtoWetu: Wakuu, shirika letu limesajiliwa Tanzania. Wizara ya nchi jirani, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, imekipa kibali kiwanda kitakachomwaga maji machafu kwenye mto unaoshuka kwetu. Kibali kina wiki tano sasa. Ni lazima tuanzie mahakama za kwao?

Wakili_Njiro: Wiki tano? Basi mmebakiwa na wiki tatu na ushee, acheni vikao. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, bila kupitia mahakama za ndani. Shirika nalo linahesabika. ANAW, watetezi wa wanyama wa Kenya, waliishtaki Tanzania mwaka 2010 kwa barabara ya kukatiza Serengeti. Juni 2014 mahakama ikazuia isijengwe kwa lami. Ila ukomo wa kufungua shauri ni miezi miwili tangu uamuzi unaoulalamikia.

Karani_Mstaafu: Hapo kwenye miezi miwili ndipo wengi wanapozama, na inauma. Mashirika ya Uganda, Kenya na Tanzania yalifungua shauri la bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga Novemba 2020. Novemba 2023 likatupwa kabla ya kufika kwenye hoja za mazingira: majaji walihesabu siku tangu mkataba wa bomba wa serikali za Uganda na Tanzania wa 2017. Wala msiseme "madhara bado yanaendelea". Hoja hiyo ilikataliwa kwenye rufaa ya shauri la IMLU, shirika la haki za binadamu la Kenya, mwaka 2012. Shikeni kibali na tarehe yake.

Mdau77: Si waende Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu? Nayo iko Arusha.

Wakili_Njiro: Kule nchi inayoshtakiwa lazima iwe imetoa tamko la kuruhusu watu na mashirika. Kenya, Uganda na Burundi hazijawahi kulitoa. Rwanda ililiondoa 2016.

MtoWetu: Nakala yetu ni picha ya simu, muhuri hausomeki vizuri.

Karani_Mstaafu: Iambatisheni hivyo hivyo. Aliyeipiga aape hati ya kiapo, aeleze aliipiga wapi na lini. Mjibu maombi, yaani anayeshtakiwa, ni Mwanasheria Mkuu wa nchi ile, si wizara wala kiwanda. Andikeni kwa Kiingereza, mkisimamia ibara za 6(d), 7(2) na 111 za Mkataba huo, za utawala bora na mazingira. Siku hiyo hiyo ombeni amri ya muda ya kusimamisha kibali hadi hukumu, chini ya ibara ya 39, maana shauri la Serengeti lilikaa zaidi ya miaka mitatu. Na mtafute benki inayokikopesha kiwanda: wapinga bomba waliziandikia benki, kadhaa zikatangaza hazitatoa mkopo.