Omena inafunguliwa Agosti: nishone wavu na karabai zangu, au nihamie sola?

JaDunga (Kisumu)
Wakubwa, habari za jioni. Marufuku ya kuvua omena, hawa dagaa wa Ziwa Victoria, inaisha tarehe 31 Julai na vyombo vyangu vimelala stoo tangu mwisho wa Machi. Leo nimevitoa nje, nikachoka. Panya wameula wavu upande wa mfuko, pale omena wanapokusanyika tukivuta. Karabai za kuwaita omena usiku ni nne: mbili zinawaka vizuri, moja pampu haishiki, ya mwisho kioo kimepasuka. Boti inataka kuzibwa nyufa tu. Mfukoni nina elfu 30. Ama ninunue wavu mpya nibaki na karabai, ama nishone huu huu na pesa iende kwa taa za sola. Vyote viwili haviwezekani. Nyinyi mngefanyaje?

Karabai77 (Usenge)
Omera, baki na karabai. Inamulika pande zote. Ile ya sola niliyouziwa ilipiga mwanga upande mmoja kama tochi, omena wakawa wanazunguka gizani nyuma yake. Sasa watoto wanaisomea nyumbani. Ubaya wa karabai ni mvua: tone moja kwa kioo cha moto, kwisha.

FundiBetri (Kisumu)
Mzee, kwa heshima, hapo kosa ni la balbu uliyouziwa. Kuna balbu za LED za duara zinazomulika pande zote. Halafu tufanye hesabu ya mafuta. JaDunga, karabai yako moja inakunywa kiasi gani kwa usiku?

JaDunga
Kama lita moja na nusu. Zote nne zikiwaka ni lita sita.

FundiBetri
Lita sita kila usiku! Na tangu ule ushuru wa shilingi 18 kwa lita uwekwe mwaka 2018, mafuta taa si mafuta ya maskini tena. Sasa sikia upande wa betri. Balbu ya wati 10 ikiwaka saa 10 inakula wati-saa 100, yaani wati mara saa. Betri ya volti 12 na amp-saa 9 inabeba wati-saa 108, kwa hiyo kwa karatasi inatosha. Lakini ile ya asidi ukiimaliza hivyo kila usiku haifiki Krismasi. Itoe nusu tu, maana yake kila taa itafutie betri ya amp-saa 18. Ya lithiamu unaweza kuinyonya karibu yote na ni nyepesi, ila bei yake inauma.

JaDunga
Nne za hivyo si elfu 30.

FundiBetri
Si elfu 30. Anza na mbili, uchajishe dukani ufukweni. Paneli itakuja baadaye. Na betri ya asidi ifunge kwenye sanduku isipinduke, ikimwagika botini inakula kamba na miguu.

NyavuMbita
Mnabishania taa na mtu ameliwa wavu na panya! Taa inaita, wavu ndio unaoshika. Na tobo la upande wa mfuko ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mkivuta uzito wote unakimbilia hapo. Tobo la kidole saa mbili usiku, saa nane linapitisha kichwa.

Kwanza, matundu yake ni milimita ngapi? Kama hayafiki 10 usipoteze uzi wako, wakikukuta nao, wavu unachomwa. Pili, lowesha sehemu ndogo, shika uzi kwa vidole viwili uvute kwa ghafla. Ukikatika bila kubishana, ujue jua limeshaula na hakuna kushona kutakakouokoa. Fanya hivyo mabawa yote mawili ya pembeni na mfuko, usipime mahali pamoja tu.

JaDunga
Ni milimita 10. Nimepima sasa hivi na kijana wangu. Mabawa yako imara, vidole ndivyo vimeuma. Uzi wa mfuko wa wavu unakatika kama wa kushonea nguo.

NyavuMbita
Basi wavu mpya wa nini? Nunua kipande cha mfuko peke yake. Kata ule wa zamani mpaka ufike kwenye matundu mazima, hata kama roho itakuuma kukata kipande kizuri kidogo. Hesabu matundu ya mabawa, hesabu ya kipande kipya, yalingane, ndipo ushone. Watu hufunga fundo kubwa juu ya uzi uliooza, usiku wa pili wanarudi kulia hapa.

MamaAnika (Homa Bay)
Huo mfuko wa zamani usiutupe, tunaanikia. Omena wakianikwa chini kwenye udongo wanabeba mchanga na bei inashuka papo hapo. Kuhusu taa, mimi niko upande wa sola. Msimu uliopita nilinunua beseni tatu, kumbe mtungi wa mafuta taa ulivuja botini. Kila mteja alinusa akaenda zake.

KukuNakuru
Mimi natengeneza chakula cha kuku kwa omena huku Nakuru. Kuku hawaulizi taa gani, lakini huo mchanga naulipia kwa kilo!

Karabai77
Na muangalie mwezi jamani. Ukifunguliwa msimu mwezi ukiwa mpevu, hata uwe na taa kumi omena hawakusanyiki. Siku hizo kaa chini ushone.

JaDunga
Nimeangalia mfuko, nimeamua. Kipande kipya cha mfuko, taa mbili za sola na betri za asidi, na karabai mbili nzima zibaki. Shemeji yangu mvuvi ananikopesha sindano ya nyavu, yangu imevunjika ncha. Ile karabai ya pampu mbovu nitaiuza kama chuma chakavu.

Karabai77
Usiuze! Pampu isiposhika mara nyingi ni ile ngozi ya ndani, imekauka kwa kukaa stoo. Itoe, iloweke kwa mafuta ya kupikia usiku kucha, uipanue kwa kidole kabla ya kuirudisha.

JaDunga
Jaduong', imeshika.