Sensa na taa za Zigbee zinapotea hewani kila siku, naombeni msaada wakuu

mwana_tegeta
Wakuu habari za jioni. Nina shida inaninyima usingizi karibu miezi miwili sasa. Nimemfungia mama taa na sensa za Zigbee (vile vifaa smati vinavyowasiliana kwa redio) nyumbani kwake, nyumba ya chini, vyumba vinne, tofali za saruji na bati juu. Kinachoendesha kila kitu ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye programu za Home Assistant na Zigbee2MQTT na kidude cha USB cha kunasa Zigbee, iko sebuleni nyuma ya tivii pamoja na ruta ya waifai. Vifaa jumla 27, balbu 9, plagi smati 3, vilivyobaki ni sensa za betri za milango na za mwendo, na moja iko nje chini ya tenki la maji.

Kilichonifanya nifunge hivi vitu ni korido. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutawadha na macho yake sa hivi sio mazuri, nikataka akikanyaga tu koridoni taa iwake yenyewe. Wiki mbili za mwanzo ilikuwa safi kabisa, af ikaanza kuzingua, mara iwake baada ya sekunde kumi, mara isiwake kabisa, nikifungua simu naona sensa imeandikwa haipo hewani. Juzi alijigonga kwenye ndoo gizani kidole cha mguu kikavimba, na wala hakuniambia yeye, kaniambia mdogo wangu.

Nshabadilisha betri, nshaunganisha upya, nshanunua hadi sensa nyingine, tatizo liko palepale. Umeme ukikatika ndo balaa zaidi maana ukirudi sensa tatu nne hazirudi mpaka niende nikabonyeze kwa pini mojamoja, na mi nakaa Kigamboni. Kuna fundi kaniambia hivi vitu ni feki nitupe vyote. Kweli nitupe?

kibo88
Pole kwa mama mkuu. Nunua ruta za mesh, zile zinazopokezana waifai, weka mbili tatu humo ndani, mi waifai ilikuwa inakata vyumba vya nyuma nikafunga mesh ikaisha kabisa.

nyaya_na_mawimbi
Kibo88 hapo atapoteza hela bure. Zigbee haipiti kwenye waifai, ina mtandao wake pembeni, akiongeza ruta za waifai anaweza hata akaongeza tatizo maana vyote vinagombania masafa yaleyale ya redio, 2.4 GHz.

Mkuu mwana_tegeta usitupe kitu. Nijibu kwanza haya: hicho kidude cha Zigbee umekichomeka tundu lipi la Pi, la bluu au jeusi? Kuna diski au SSD yoyote imechomekwa hapo pembeni? Zigbee yako iko chaneli gani na waifai chaneli gani? Na mwisho, mama akitaka kuzima taa anazimia wapi?

mwana_tegeta
Tundu la bluu, na SSD iko kwenye bluu la pili, yani vimegusana kabisa. Zigbee chaneli 11, sijawahi kugusa, ilikuja hivyo. Waifai sijui, ruta nimeiacha auto. Taa mama anazima ukutani, nimeshamwelewesha lakini anasema taa hata ikizimwa kwa simu inakula LUKU.

nyaya_na_mawimbi
Basi ugonjwa umeshautaja mwenyewe, na ni magonjwa matatu kwa pamoja ndo maana ukitibu mmoja huoni nafuu.

Kwanza hayo matundu ya bluu ni USB 3. USB 3 ikifanya kazi inatoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, hili si la kuhisi, Intel wenyewe walitoa waraka kuhusu hilo 2012. SSD yako inasoma na kuandika muda wote, halafu kidude cha Zigbee, ambacho ndo sikio, umekibandika ubavuni kwake. Ni sawa na kumwekea mtu spika ya harusini sikioni halafu umwite kwa kunong'ona kutoka chumba cha nyuma. Nunua kebo ya kurefushia USB, mita moja na nusu au mbili, ichomeke tundu jeusi, kidude kikae mbali na Pi, mbali na ruta na mbali na tivii. Usikibandike juu ya kitu cha chuma. Anza na hili kabla ya lolote, ni hela ndogo kuliko sensa uliyonunua.

Pili chaneli. Namba za Zigbee na za waifai hazifanani, watu wengi wanachanganya hapa. Zigbee 11 iko 2405 MHz, ukiweka waifai chaneli 1 inafunika kuanzia 2402 hadi 2422, yani inakaa juu yake kabisa. Na ruta yako iko auto kwa hiyo leo iko 6 kesho iko 1, ndo maana kuna siku nzuri na siku mbaya. Ingia kwenye ruta, waifai ya 2.4 iweke chaneli 1 upana 20 MHz iache hapohapo, halafu Zigbee ipeleke 25 ambayo iko 2475, huko hata majirani wenye waifai chaneli 11 hawakufikii sana. Usiende 26, kuna vifaa vinashindwa huko. Ukihama chaneli vingine vitafuata vyenyewe, vingine hasa vya betri utalazimika kuunganisha upya, kwa hiyo fanya siku uko huko mwenyewe. Na kila sensa iunganishe palepale inapokaa, usiunganishe zote sebuleni ukazitawanya baadae.

Tatu swichi ya ukutani. Kwenye Zigbee balbu na plagi ndo zinapokezana ujumbe, sensa za betri hazipokezi cha mtu. Mama akizima ukutani hajazima taa tu, kaua na kituo ambacho sensa ya korido ilikuwa inapitia. Kuhusu LUKU mwambie hivi kwa heshima zote: balbu ikiwa imezimwa kwa simu inakula kama nusu wati, piga saa 24 siku 30 haifiki hata nusu uniti kwa mwezi.

bint_pongwe
Kaka yangu pole sana, mi bibi yangu yalimkuta hayohayo Tanga. Niongezee la umeme. Ukikatika, balbu na plagi zote zinakufa wakati sensa ziko hai kwa betri zao, zinabaki zinamtafuta mzazi, yani ile balbu au plagi zilizokuwa zinapitia, hazimwoni. Kuna sensa, hasa zile za Aqara za zamani, zinang'ang'ania mzazi mmoja na akipotea hazitafuti mwingine vizuri. Mi nilichofanya, Pi na plagi moja ya karibu na korido nimeziweka kwenye laini ya inveta, sensa zikapata pa kushika muda wote.

Na korido usiiachie Pi peke yake. Tafuta sensa inayokubali kufungwa moja kwa moja na taa, za IKEA za Zigbee zinakubali, kwenye Zigbee2MQTT kuna ukurasa wa kufanya hivyo. Hapo hata Pi ikigoma usiku, sensa inaiambia taa yenyewe iwake. Na swichi za ukutani bibi nilimfungia kifuniko cha plastiki juu, af pembeni nikambandikia kitufe cha Zigbee cha betri cha kubonyeza. Mzee ukimwambia asiguse swichi bila kumpa ya kugusa humtendei haki.

mwana_tegeta
Wakuu nimerudi, siku kumi zimepita, nilitaka nijiridhishe kwanza.

Kebo tu peke yake, kabla sijagusa chaneli, sensa ya korido ilitoka LQI (kipimo cha ubora wa mawimbi) 18 ikaenda 96, nikadhani naona vibaya. Jumamosi nikaenda nikahamisha chaneli kama alivyosema nyaya_na_mawimbi, balbu zote zikafuata, sensa nane nikaunganisha upya mojamoja nikiwa juu ya ngazi. Plagi ya korido iko kwenye inveta. Umeme umekatika mara mbili wiki hii na hakuna niliyoibonyeza. Sensa ya IKEA nimeagiza. Hesabu ya nusu uniti nilimwandikia mama kwenye karatasi, akaisoma, akaniuliza kwa hiyo friji inakula ngapi, ila swichi ameacha.

Nililala huko. Alfajiri nikasikia malapa yake yanatoka chumbani na mwanga ukapita chini ya mlango wangu papo hapo.

Iliyobaki ni ya tenki tu, bado inapotea mchana. Iko kama mita sita kutoka jikoni.

nyaya_na_mawimbi
Alhamdulillah. Ya tenki, angalia kama tenki lenyewe liko katikati ya sensa na nyumba, maji yanameza sana 2.4 GHz. Hamishia sensa upande unaotazama jikoni na plagi moja iweke karibu na dirisha la jikoni, halafu utuambie.