Besi ya nyuzi nne au tano? Nibaki Mwanza, niende Bagamoyo, au nijifunze mwenyewe? Naomba ushauri

Binti_wa_Igombe

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu mambo.

Nina miaka 17, nipo kidato cha nne, nyumbani ni Igombe. Napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya vijana kanisani tangu mwaka juzi, kaka aliyekuwa anapiga alipohamia Geita. Nilishika kuziba pengo tu. Sasa ndicho kitu cha kwanza kukiwaza nikiamka. Sitaki kubaki mtu wa kuziba pengo, nataka kuwa mpiga besi wa kweli, wa kuitwa studio na kukaa kwenye bendi, niishi kwa kazi hiyo.

Mama anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Ameniambia giza (zile siku zisizo na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa) likienda vizuri ataongeza kwenye akiba yangu ifike laki nne na nusu, ninunue gitaa langu, maana la kanisani haliruhusiwi kutoka. Mtihani ni Novemba. Baada ya hapo ninalinganisha njia tatu. Kuna mzee wa Pasiansi aliyepiga dansi zamani, amekubali kunifundisha nikibaki hapa. Kuna chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa. Na kuna kwenda kidato cha tano huku najifunza kwa video za YouTube usiku.

Na gitaa lenyewe: mpiga kinanda wetu anasema bila nyuzi tano nitakwama, mwingine anasema nne zinatosha. Kaka zangu wanasema besi ni ya wanaume. Hilo nimechoka kulisikia. Naombeni mnieleze kwa undani.

Babu_Rumba

Marahaba mwanangu. Nimepiga besi kwenye bendi za Mwanza na Shinyanga miaka mingi. Vidole vimechoka, masikio bado. Nianze na gitaa, maana hilo ndilo jepesi.

Chukua nyuzi nne. Mpiga kinanda wenu hajakosea: kwaya nyingi siku hizi zinaimba kwenye funguo za Eb na Db (E na D zilizoshushwa nusu hatua), na besi ya nyuzi nne chini kabisa inaishia E. Eb ya chini huna, unaikuta juu kwenye freti ya sita ya uzi wa A (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Mwenye nyuzi tano anaipata freti ya nne ya uzi wake wa ziada, B. Hiyo ni faida ya kweli na siku moja utaitaka. Lakini nusu ya kazi ya besi ni kuzinyamazisha nyuzi usizozipiga, na ule uzi wa B mnene unaunguruma wenyewe kila ukigusa A. Mkono unaojifunza unalemewa. Tena kwa laki nne na nusu, besi ya nyuzi nne nzuri iliyotumika unaipata. Ya nyuzi tano kwa bei hiyo mara nyingi B yake ni legelege, inalia kama ngoma iliyonyeshewa mvua.

Usinunue jioni, usinunue kwa haraka. Niliwahi kuuziwa gitaa lililopinda shingo, duka silitaji, na miezi sita nikaamini vidole vyangu ndivyo vibovu. Karibu niache. Kwa hiyo sikiliza. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, halafu tazama katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Kati ya uzi na freti kuwe na upenyo mdogo tu, kama unene wa kadi ya biashara. Uzi ukiwa umelala kabisa, au ukiona upenyo wa kupitisha sarafu, shingo imepinda. Ndani ya shingo mna chuma kinachokazwa kwa ufunguo wa L. Mwambie muuzaji akizungushe kidogo uone kama bado kinatii. Kisha gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, utoe ile sauti ya kengele. Sasa bonyeza hapohapo upige. Sauti hizo mbili zikipishana, gitaa hilo litaimba nje ya wenzake kila ukipanda juu. Mwisho chomeka waya, utikise tundu lake. Likikwaruza usilikatae kwa hilo, ni lehemu tu, fundi redio analimaliza. Ila litumie kushusha bei.

Sasa njia. Huyo mzee wa Pasiansi sina shaka naye. Swali langu ni moja: ana mpiga dramu? Akikufundisha sebuleni ninyi wawili, utajua noti zote na besi hutaijua. Sikiliza Flavien Makabi, mpiga besi wa TP OK Jazz, bendi ya rumba ya Franco kule Kongo. Anapiga, anakaa kimya, anajibu. Bendi zetu za dansi, Sikinde na Msondo za zamani, vilevile. Ule ukimya hausomwi popote, mtu anaupata kwa kusimama jirani na dramu na tumba usiku baada ya usiku, mpaka mguu wa mpiga dramu unakuwa kama mguu wako.

Gitaa la besi lenyewe si chombo cha kale, Leo Fender alilitoa mwaka 1951. Lakini nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, siku wanapocheza ngoma ya bugobogobo, simama karibu na ngoma kubwa majembe yakirushwa. Besi ilikuwepo Usukumani kabla ya umeme.

Sauti_Kirumba

Mimi ni fundi mitambo. Nina neno juu ya YouTube.

Uzi wa E mtupu unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. B ya nyuzi tano ni kama mara 31. Spika ya simu haina ubavu wa kusukuma hewa namna hiyo, kwa hiyo ukijifunza kwa spika ya simu besi yenyewe huisikii, unasikia vivuli vyake vya juu. Ndiyo maana vijana wengi wanaojifunza kwa simu wanapiga noti nyingi na nyembamba: wanaiga walichosikia. Tumia hedifoni, hata za bei ndogo, hapo utatofautiana na wenzako ndani ya wiki.

Hata B hiyo unayoshawishiwa, spika za inchi 15 za makanisa mengi zinaanza kuchoka kabla hazijashuka hadi mara 40 kwa sekunde. Utalipia noti ambayo waumini hawataisikia vizuri.

Na tafadhali usichomeke besi kwenye sabufa ya nyumbani ukafungulia. Nimeshaletewa sabufa zilizochanika kwa mchezo huo, na mwenye nyumba amekasirika. Amplifaya ndogo ya hedifoni inayochomekwa kwenye gitaa inatosha kuanzia. Umeme ukikatika, egemeza pembe ya gitaa kwenye kabati la mbao au mlango, upige. Mbao zinatetemeka, sauti inakuja.

Mhitimu_Bagamoyo

Mdogo wangu, nimesoma TaSUBa, kile ambacho wazee bado wanakiita Chuo cha Sanaa, kilichoanza 1981. Nitakwambia kama ningemwambia mdogo wangu wa damu.

Kizuri chake kikubwa ni watu. Unatoka bwenini, kuna mtu anapiga marimba, kuna mtu anapiga dramu, kuna mchezaji anatafuta wa kumpigia. Hicho alichosema Babu_Rumba, pale kipo bure, asubuhi na usiku. Lakini hutakaa unapiga besi tu. Utapita kwenye ngoma za asili, nadharia, jukwaa. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikagundua ngoma ndizo zilizonirekebishia mkono.

Ugumu ni umbali na gharama. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwenu. Ukiugua au hela ikichelewa, hakuna wa kukukimbilia. Na wale waliokuja mikono mitupu walitumia mwaka wa kwanza kutafuta vitu ambavyo wangevipata kwao: kusikiliza, kushika tempo, kujua majina ya noti kwenye shingo nzima. Ukiniuliza, Bagamoyo ndiyo, ila si Januari hii. Kaa Mwanza mwaka mmoja ukiiva, halafu nenda. Mtihani wa Novemba usiuchezee, maana mlango wa chuo unafunguliwa kwa cheti cha kidato cha nne.

Na chumvi ya bahari inakula nyuzi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Hata kwenu ziwani, jasho la mkono linatosha kuziua.

Mama_wa_Buhongwa

Samahani nami nichangie kama mzazi, ingawa muziki siujui.

Mwanangu wa kiume alipiga kwenye bendi moja hapa mjini, siitaji, miezi minne bila kuona shilingi, kila wiki anaambiwa "wiki ijayo". Sasa huyu ni binti. Mazoezi yakiisha saa nne usiku, nani anamrudisha Igombe? Huyo mzee wa Pasiansi, mkewe yupo nyumbani wakati wa mafunzo? Mama yake ameshaonana naye? Mwanangu, usikwazike, sikuzuii. Nenda na mama yako siku ya kwanza, akae asikilize, aone. Na malipo ulizeni kabla hujapanda jukwaani, si baada.

Solfa_Butimba

Mama amesema kweli tupu.

Nafundisha muziki. Nadhani mmemsahau binti kwenye jambo moja: ametoka kwenye kwaya, kwa hiyo solfa anaijua. Huo ni mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Nyuzi za besi, E, A, D, G, zimepishana kwa hatua ileile, kila uzi uko noti ya nne juu ya uliotangulia. Maana yake umbo la vidole halibadiliki. Ukijua do-mi-so kwenye G, sogeza mkono freti mbili juu, umeshapata A, vidole vilevile. Mpiga kinanda akihamisha ufunguo anabadilisha mpangilio wote wa vidole, wewe unahama nyumba na samani zako zote.

Kwa hiyo zoezi la leo, hata kwa gitaa la kanisani: imba solfa ya besi kwa mdomo huku unapiga. Kisichoimbika kwanza usikipige. Kusoma nota za ufunguo wa F (ule wa sauti za chini) anza kidogokidogo, dakika kumi kwa siku, maana studio watakupa karatasi na hawatakusubiri ukariri.

Kidato cha tano sikipingi. Ila ukienda shule ya bweni isiyo na vyombo, miaka miwili vidole vinalala. Uliza kwanza.

Dada_Dramu

Nimesoma yote, sasa nijibu lile ambalo wote mmeliruka. Besi ni ya wanaume?

Mdogo wangu, mtafute Carol Kaye. Mmarekani, alikuwa mpiga gitaa la kawaida kwenye studio za Los Angeles huku analea watoto wake. Mwaka 1963 mpiga besi hakutokea siku ya kurekodi, akaishika yeye. Kama wewe ulivyoishika yule kaka alipohama! Hakuiacha tena, na rekodi alizopiga zinahesabika kwa maelfu. Wakikwambia vidole vyako vidogo, waambie James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Marekani, alipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na wapiga besi wa dunia nzima mpaka leo wanamsoma.

Mimi napiga dramu, nipo Igoma. Wakati naanza niliambiwa hayohayo. Kila Jumamosi saa nane mchana tunafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, mchana kweupe, mlango wazi, na mama yangu anauza maandazi nje pale pale. Hatuna mpiga besi. Njoo na mama yako. Siku ya kwanza tutapiga noti moja, E, dakika kumi, mimi na mguu wangu na wewe na kidole chako. Uikate ninapokata. Ukiweza hiyo, tunaongea mengine.

Babu_Rumba

Huyu hapa ndiye mwalimu wako. Nenda Igoma. Mzee wa Pasiansi akufundishe katikati ya wiki, Jumamosi ni ya dramu.

Binti_wa_Igombe

Shikamooni tena. Nimechelewa kurudi, tulikuwa na mitihani ya majaribio.

Giza la mwezi huu dagaa wamepatikana, mama akatoa hela mapema. Tulienda kuangalia magitaa mawili. La kwanza lilikuwa la nyuzi tano, jekundu, zuri mno kwa macho. Nikabonyeza E kama Babu alivyosema, katikati pakapita sarafu ya mia mbili na nafasi ikabaki. Muuzaji akasema "hiyo kawaida". Mama akanivuta mkono tukatoka. La pili la nyuzi nne, limechubuka rangi, tundu la waya linakwaruza. Shingo imenyooka. Kengele ya freti ya 12 na noti yake zilikuwa kitu kimoja. Alitaka laki tatu na tisini, kwa lile tundu akashuka hadi laki tatu na nusu. Iliyobaki tumeiweka ya hedifoni na nauli za Igoma.

Mama alishaongea na Dada_Dramu kwa simu, na mzee wa Pasiansi tulimtembelea, mkewe akatupikia. Bagamoyo nimeiweka mwakani, matokeo yakitoka. Kidato cha tano bado tunajadili na mjomba.

Jana umeme ulikatika. Nikaegemeza gitaa kwenye kabati la vyombo. Mama alikuwa anachambua dagaa sakafuni, nikamwambia aweke kiganja kwenye mlango wa kabati, nikapiga E. Vikombe vikalia. Hakutoa mkono. Akaniuliza, "Hii ndiyo ninayoisikiaga kifuani pale kanisani?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo hii. Akasema nipige tena.