Mwani Zanzibar bado unalipa?

Mdau wa Bara: Wakuu, zamani nilikuwa nasikia kinamama wa Paje na Jambiani wanajenga nyumba kwa hela ya mwani, siku hizi naambiwa wengi wameacha, kulikoni?

Mkaazi: Kweli ndugu, biashara ilianza mwishoni mwa miaka ya 80 na hela alikuwa anashika mama mwenyewe, mabati ananunua yeye, sare za skuli yeye, baba haulizwi hehe. Ila bahari imepata moto, ile aina ya mwani ya bei, kotoni, inaoza kambani, imebaki aina nyingine, spinosamu, ya bei chee

Binti Jambiani: Bimkubwa wangu sasa anasaga mwani mkavu anatengeneza sabuni, afadhali kuliko kuuza gunia. Shida watalii wakikata, sabuni zinalala.

Mdau wa Bara: Na vijana?

Mkaazi: Wako mahotelini, masika ikiingia wanarudi kumkopa mama