Naombeni ushauri: Ijumaa naanza kufunga kavu siku 3, nguvu zangu zimeisha

Tulizo: Shalom wapendwa. Biashara imekufa, marejesho ya vikoba yananikaba, usingizi sina. Nimechoka kutegemea akili zangu, sasa namwachia Mungu. Nitafunga kama Esta, bila chakula wala maji. Nifungueje ili tumbo lisinisumbue?

Mpishi wa Zamu: Anza na maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo. Baada ya nusu saa uji mwepesi au papai. Pilau ni kesho yake. Wengi huharibu hapo.

Kijiti: Vikoba wao hawafungi. Jumatatu wanagonga mlango.

Mtumishi Mstaafu: Kabla ya kufungua, tuongelee kufunga kwenyewe. Una ugonjwa? Unatumia dawa?

Tulizo: Mambo ya kawaida tu, mtumishi. Nijibuni nilichouliza.

Mtumishi Mstaafu: Hujajibu, dada.

Tulizo: Haya. Nina sukari. Natumia glibenklamaidi na metformini, ila tangu Jumapili sijameza. Nikimeza nakuwa nategemea vidonge, si Mungu. Na nadhiri nimeshaweka, msinirudishe nyuma.

Nesi Mkongwe: Njia zote mbili zina hatari. Ukimeza glibenklamaidi bila kula, sukari inashuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, pima tena baada ya dakika 15. Ukiacha dawa, sukari inapanda, mkojo unatoka mwingi, na usipokunywa maji mwili unakauka hadi unapoteza fahamu. Kwa hali yako kufunga kavu hapana.

Abuu wa Kisauni: Hata kwetu mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani, Al-Baqara 184 na 185. Mwenye sukari anayetaka kufunga huenda kliniki wiki 6 hadi 8 kabla, dozi ipangwe upya.

Mtumishi Mstaafu: Soma Waamuzi 7. Watu 32,000 walibaki 300, lakini aliyepunguza jeshi ni Mungu, si Gideoni. Wewe umejipunguzia mwenyewe halafu unaita imani. Huko ni kujitegemea kule kule. Hezekia aliahidiwa miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Eliya alipoomba kufa, malaika alimletea mkate na maji. Mara mbili.

Mchunguzi: Wakuu, hii ni chai. Mwezi uliopita akaunti hii hii ilikuwa kijana wa chuo anatafuta mchumba.

Kijiti: Mchumba kapatikana, ndiye anayedaiwa vikoba.

Tulizo: Akaunti ni ya mwanangu, simu tunatumia moja. Na huyo mchumba nitamuuliza vizuri akirudi.

Mchunguzi: Bado nanusa majani.

Nesi Mkongwe: Iwe chai isiwe chai, mwenye sukari anayesoma hapa yupo. Mama, umepima leo?

Tulizo: Asubuhi ilisoma 19. Kiu kali, chooni kila saa. Nilidhani ni mawazo.

Nesi Mkongwe: Kunywa maji sasa hivi, nenda hospitali leo. Beba vidonge vyako uwaonyeshe. Usimeze dozi mbili kufidia.

Tulizo: Na Ijumaa je?

Mtumishi Mstaafu: Mwone mchungaji wako kuhusu nadhiri. Kwenye maombi njoo, ila uwe umekula.