Valvu moja ya ampu ya gitaa inaiva nyekundu: ninunue moja au mbili? (Mwanza)

Gitaa_Kirumba

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa haraka, Jumamosi tuna harusi Nyegezi na ampu (kikuza sauti cha gitaa) imeniangusha.

Ni ya Kiingereza, wati 50, kichwa peke yake na kabati la spika peke yake. Nembo ya mbele iling'oka zamani, kimebaki kivuli chake tu kwenye kitambaa. Nimeachiwa na baba mdogo, aliyeipigia bendi ya dansi hapa hapa mjini mpaka vidole vikagoma. Ndani ina valvu, yaani zile chupa za kioo zinazokuza sauti: kubwa mbili zimeandikwa EL34 na ndogo tatu za ECC83.

Ijumaa tulikuwa tunapiga baa moja karibu na ziwa. Wimbo wa pili nikasikia sauti inakuwa nzito, kama mtu anaimba na ugali mdomoni. Nikageuka nyuma. Valvu ya kulia, lile bati la kijivu lililo ndani ya kioo limekuwa jekundu. Sisemi ule mwanga wa chungwa wa katikati, huo upo siku zote. Bati lenyewe, ubavu mzima, kama sahani ya jiko la umeme, na harufu ya vumbi linaloungua. Nikazima. Nyumbani nikajaribu tena, dakika mbili tu ikaanza kuiva.

Niseme na kosa langu. Wiki tatu nyuma fyuzi ilikatika, nikapeleka kwa fundi mmoja wa redio. Nusu saa akanirudishia inaimba, elfu kumi. Jana nimefungua kishikio cha fyuzi nikakuta ile ile iliyokufa, imezungushiwa uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa taa. Kwa hiyo muda wote huo nilikuwa napiga bila fyuzi.

Soko la Makoroboi nimelizunguka lote. Transista zipo, kapasita zipo, EL34 ukitaja wanakuuliza ni ya pikipiki gani. Kuna jamaa Nairobi anazo, anauza hata moja moja. Moja naimudu leo. Mbili, mpaka harusi ilipe. Je, nibadilishe hiyo mbovu tu?

---

Dagaa_wa_Mwaloni

Hiyo uza kwa wanunuzi wa vyuma, ununue za kisasa. Kijana wa kanisani kwetu anapigia simu na spika moja, hamna cha valvu wala nini. Mimi nakupa elfu hamsini leo leo, nije na bodaboda.

---

Dada_Lehemu

Kaka, usitume hela Nairobi kwanza. Na usisikilize mtu anayekupa elfu hamsini.

Toa huo uzi wa shaba. Weka fyuzi ya thamani iliyoandikwa nyuma ya ampu, si kubwa zaidi "ili isikatike". Fyuzi ilikatika kwa sababu kitu kilikuwa kinavuta umeme kupita kiasi, na kitu hicho ndicho unachokiona kimekuwa chekundu. Bila fyuzi kinachofuata kuungua ni transfoma ya kwenda kwenye spika. Hiyo ukiitafuta Kanda ya Ziwa utazeeka.

Pili, jaribio la bure. Zima, chomoa waya ukutani, subiri valvu zipoe. Zibadilishane viti: ya kulia iende kushoto, ya kushoto ije kulia. Acha spika imechomekwa, tena ampu ya valvu usiiwashe kamwe bila spika. Washa, simama pembeni uangalie, mkono uwe kwenye swichi.

Wekundu ukihama pamoja na valvu, valvu ndiyo mbovu, na hapo nitakuambia ununue mbili zilizopimwa zikalingana. Hizi mbili zinapokezana kazi: moja inasukuma wimbi, nyingine inavuta. Ukiweka mpya na kuukuu, moja inabeba mzigo wa mwenzake, na mngurumo ambao zingeufuta zenyewe kwa zenyewe unaanza kusikika.

Wekundu ukibaki kulia hata baada ya kubadilishana, valvu haina kosa. Hata ukimpa jamaa wa Nairobi mshahara mzima, hiyo mpya itaiva vile vile.

---

Mzee_wa_Nansio

Mwangaluka vijana. Binti kasema vizuri, niongeze kidogo.

Mimi nilianza na redio za valvu, wakati sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam ukiisubiri ipate joto kwanza. Sisi tuliziita taa. Taa hizi kubwa zina kitu kama wavu katikati, mguu namba 5. Wavu unapewa volti hasi, ili uzuie elektroni zisikimbilie batini zote kwa mkupuo. Hasi ikipungua, mlango uko wazi, zinamiminika, bati linapigwa mpaka linakuwa jekundu. EL34 bati lake linavumilia wati 25, basi. Kwa hiyo ukiona wekundu, swali la kwanza ni "hasi yangu imekwenda wapi?"

Halafu angalia nyuma kuna swichi ya kuchagua volti. Iko kwenye 220 au 240? Huku kwangu usiku watu wakilala umeme unapanda mpaka 245. Ikiwa swichi iko 220, kila kitu ndani kinapanda sehemu moja kwa tisa. Hata uzi wa joto uliotakiwa kupata volti 6.3 unapata 7. Taa zinakufa mapema na hakuna anayejua kwa nini. Weka 240, ulale.

---

Gitaa_Kirumba

Shikamoo mzee wangu. Swichi ilikuwa 220! Nimeihamishia 240. Fyuzi ya kweli nimenunua, nimechukua tano.

Dada, nimefanya ulivyosema. Nilikaa nimechuchumaa gizani kama mtu anayevizia panya. Dakika moja na nusu, kona ya bati ikaanza kuwa ya hudhurungi, kisha nyekundu. Kulia. Ile valvu iliyokuwa nzima ndiyo inaiva sasa, na ile niliyotaka kuitupa imekaa kushoto imetulia kama si yeye.

Nimezima kabla fyuzi haijakatika. Sasa nipime nini? Mita ninayo, ya Kichina, inapima mpaka volti 1000.

---

Dada_Lehemu

Safi. Sasa umeokoa laki na zaidi, lakini hapa ndipo panapoua watu, soma mara mbili.

Mle ndani kuna volti zaidi ya 400. Kapasita kubwa zinabaki nazo hata ukichomoa waya ukutani, na ukiwa umetoa valvu kubwa zinakaa nazo muda mrefu zaidi, maana hakuna wa kuzinywa. Kabla ya kugusa chochote, zimalize kwa rezista ya kilo-ohmu 10 ya wati 5 iliyoshikwa na koleo lenye mpira, kisha pima kwa mita uone imeshuka karibu na sifuri. Usipige shoti kwa bisibisi. Wakati unapima ikiwa inawaka, mkono mmoja uwe mfukoni, miguuni vaa kandambili za mpira, na mtoto asiwe karibu.

Utoe EL34 zote mbili, ndogo uziache. Waya mweusi wa mita ubane kwenye bati la ampu, yaani kasha lake la chuma, si bati la valvu. Washa swichi zote mbili, ya joto na ya kuamsha. Pima mguu namba 5 wa kila soketi, volti za moja kwa moja (DC). Hesabu miguu kwa chini, kufuata mshale wa saa kuanzia kwenye alama.

Zote mbili zikitoa hasi inayolingana, basi soketi ya kulia imelegea, valvu haipati kile ambacho mita inakiona. Utakaza vile vikoleo kwa sindano. Zikitofautiana, niambie.

---

Gitaa_Kirumba

Kushoto hasi 44. Kulia hasi 15.

Mke wangu alisimama mlangoni na ufagio wa mti, akisema nikinaswa atanipiga nao. Sijui kama hiyo ilikuwa huduma ya kwanza au hasira.

---

Benga_Homabay

Nasoma kutoka ng'ambo ya ziwa. Ndugu, hiyo ni kapasita ya kupitisha sauti, ile inayotoka kwenye ECC83 ya mwisho kwenda mguu wa 5. Kazi yake ni kupitisha wimbi la sauti na kuzuia volti chanya. Ikizeeka inavuja, chanya inapenya na kuila hasi yako. Ziko mbili, mara nyingi zimeandikwa 0.022, badilisha zote mbili, volti 630. Hizo hata duka la redio la kijijini wanazo.

Na watu wasikudanganye uweke 6L6, valvu kubwa za aina nyingine, kwa sababu zinaingia kwenye soketi ile ile. Zinaingia, ndiyo, lakini hasi yake lazima ipangwe upya. Anayetoka 6L6 kwenda EL34 yeye ana kazi zaidi: mguu wa 1 lazima uungwe na wa 8, na EL34 inataka ampia 1.5 za joto badala ya 0.9, transfoma ndogo inachemka.

---

Gitaa_Kirumba

Kapasita mbili, Makoroboi, shilingi elfu moja. Dada_Lehemu amekubali niende kwake Igoma, kalehemu mwenyewe, mimi nikishika tochi. Ile ya zamani ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nta imetoka pembeni.

Sasa kulia hasi 43, kushoto hasi 44. Tumeweka rezista za ohmu 1 kati ya mguu wa 8 na bati la ampu, kwa hiyo milivolti ninayosoma ndiyo miliampia. Dada alinikalisha na karatasi: volti kwenye bati la valvu ni 460, wati 25 gawanya kwa 460 ni kama miliampia 54, chukua asilimia 65, unapata 35. Akazungusha kile kiskurubu kidogo cha ndani cha kupangia hasi polepole, dakika kumi nzima, chai ikapoa. Moja inasoma 36, nyingine 29.

---

Dada_Lehemu

Hiyo 29 ndiyo ile iliyoiva baa. Imechoka lakini harusi itaimaliza. Baada ya hapo nunua jozi, usinunue moja, na ukiziweka uje tupange hasi upya, usizichomeke tu na kuondoka. Zile ndogo ziache. Ukitaka kuzikagua, zigonge taratibu kwa kitako cha penseli wakati sauti iko juu. Inayolia kama kengele ndiyo ya kubadilisha, na hizo hazihitaji kupangwa chochote.

---

Gitaa_Kirumba

Mrejesho. Tumepiga kuanzia saa mbili mpaka saa nane usiku. Nilikuwa nageuka nyuma kila baada ya wimbo kama dereva mgeni anayeangalia vioo. Hakuna wekundu. Fyuzi nne bado ziko mfukoni. Jozi imeshalipiwa, inaingia Jumanne na basi la kupitia Sirari.

Baba mdogo alikuja, akakaa meza ya nyuma. Nilimfuata nikitegemea sifa. Akaniuliza kwa nini nimepunguza sauti.

---

Dagaa_wa_Mwaloni

Elfu sabini?

---

Gitaa_Kirumba

Siuzi.