Kisu cha kukunja mfukoni: kitendea kazi au silaha?

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Tulijadili hili bila jazba.

Wiki iliyopita nikivuka ziwa kwa kivuko, mlinzi wa getini alinipapasa akakuta kisu changu cha kukunja. Makali hayafiki sentimita 8, uzito gramu 50 hivi. Akakichukua moja kwa moja: "Hii silaha." Nyuma yangu alikuwepo kijana na panga limeviringishwa gazeti, huyo akapita, kwa kuwa ni mkulima.

Mimi natega nyavu za sato na sangara. Usiku ziwani, kamba ikikunasa mguu huku jiwe la nanga linazama, huna muda wa kupapasa panga chini ya mbao za mtumbwi. Mkono mmoja umeng'ang'ania ubao, wa pili unafungua kisu kwa kidole gumba na kukata. Wavu ukijisokota kwenye pangaboi ya injini ni hivyo hivyo. Ndiyo maana nataka chepesi, chenye kufuli, makali yasije yakajifunga juu ya vidole. (Wanaopenda Opinel za Kifaransa zenye mpini wa mti wajue kwamba mti ukilowa huvimba, kisu kikagoma kufunguka. Kwa ziwani, plastiki.)

Uingereza, pamoja na ukali wao wote kuhusu visu, wanaruhusu cha kukunja kisicho na kufuli, makali yasiyozidi inchi 3, bila kuulizwa sababu. Kikizidi hapo, au kikiwa na kufuli, uwe na sababu ya msingi, na kazi ni mojawapo. Kwa nini sisi tusiwe na kipimo kilichoandikwa getini, mtu akakisoma kabla hajafika?

Mchangiaji wa 1

Kaka, mimi nauza samaki Mwaloni Kirumba, kisu hakinipigi chenga. Ila kivukoni hawapandi wavuvi tu. Walevi wawili wakigombana katikati ya maji, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, sisi wenye watoto mgongoni tukimbilie wapi? Na hiyo kufuli unayoisifia ndiyo inayokifanya kisu kiweze kuchoma. Bila kufuli kingemgeukia mwenyewe. Mlinzi hasomi moyo wa mtu. Kiache mtumbwini.

Mleta mada

Dada, la kufuli umenishika, sikuwa nimelitazama upande huo. Na la watoto sina ubishi nalo. Lakini mtumbwini hakilali salama, asubuhi unakuta hata kamba zimeondoka. Kingine, mtumbwi nao si wangu, leo nipo kwa tajiri huyu, kesho kwa yule ng'ambo.

Basi vikusanywe getini, visu na mapanga yote, kila mtu apewe kijikaratasi chenye namba, achukue chake akishuka. Hapo hata mimi nakitoa kwa hiari. Kunyang'anywa kabisa ndiko ninakokupinga, maana kununua kingine ni mapato yangu ya siku mbili.

Mnaovuka kwenda Ukerewe kila wiki, kwenu wanafanyaje?